Injinia, Vumilia, Mbalamwezi Imeingia

Leo asubuhi, kabla sijamaliza chai, nimepokea ujumbe wa mteja wangu mwenye mitumbwi ya dagaa kule Kayenze, ambaye ankara yangu imelala kwake tangu mvua za vuli: "Injinia, vumilia, mbalamwezi imeingia." Watu wa Mwanza hamhitaji kufafanuliwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mitumbwi inalala ufukweni, na mitumbwi ikilala, mimi nalala na madeni. Kwa hiyo mapato ya ofisi ya ubunifu majengo yenye usajili wa Bodi, muhuri, na bango la chuma pale ngazini, yanafuata mwezi wa angani, ilhali mwenye nyumba, NSSF na mshahara wa kijana wa kompyuta vinafuata mwezi wa kalenda. Miezi hiyo miwili haijawahi kukutana.

Nasema haya kwa utulivu, kwa sababu mimi ni mtu wa heshima zangu. Kadi yangu imeandikwa Mkurugenzi Mtendaji, na kampuni ina watu watatu ukimhesabu anayeleta chai, ambaye kwa kweli ni mwajiriwa wa duka la vipuri la chini.

Hata hivyo, huyo wa dagaa ni muungwana ukimlinganisha na mzee wa mabondo aliyeingia ofisini wiki iliyopita. Mzee huyu hununua mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki huyo, kwa wavuvi, huyakausha na kuwauzia wanaoyapeleka China, na mizani yake inasoma hadi gramu. Ana kiwanja Bwiru, mlimani, ambacho katikati yake limekaa jiwe lenye ukubwa wa Hiace, na kila nilichomchorea, kuta, ngazi na mifereji ya maji ya mvua, kimezungushwa kulifuata jiwe hilo. Baada ya kumwamkia na kumpa kiti, nilimkabidhi michoro. Akalamba kidole, akahesabu kurasa moja moja kwa sauti, kisha akazikusanya zote kiganjani, akawa anazipandisha na kuzishusha taratibu huku amefumba jicho moja.

"Kijana wangu," akasema, "hii haifiki hata nusu kilo."

Nikamweleza kwamba ada ya michoro haipimwi kwa uzito. Hukokotolewa kwa asilimia ya gharama za ujenzi na hulipwa kwa hatua, kuanzia kianzio, michoro ya awali, michoro ya kina, hadi usimamizi. Neno asilimia lilimchoma. Akataka kujua, bati likipanda bei dukani, mimi nitakuwa nimefanya kazi gani ya ziada hata niongezewe. Swali hilo lina akili kuliko nilivyopenda, kwa hiyo nililipita kwa kukohoa na kumwagizia soda.

Soda haikusaidia. Alitoa simu, akanionyesha nyumba ya kwenye kiwanja tambarare, yenye minazi miwili, gari la Kijerumani, na mume na mke wa Kizungu wakitazama machweo. "Kijana mmoja wa Buhongwa ananichorea hii kwa laki moja na nusu, tena ya rangi." Nikamuuliza jiwe liko wapi. "Jiwe litapasuliwa." Nikamuuliza mpasuaji anataka kiasi gani. Akataja kiasi kilichonifanya nisimame, kwa maana kilikuwa kimeizidi ada yangu yote, na nusu yake alikuwa ameshamlipa, taslimu, bila kuomba apunguziwe hata shilingi.

"Yule nimemwona," akaeleza kwa upole. "Anawasha matairi juu ya jiwe, anapiga nyundo, jasho linamtoka. Wewe umekaa."

Hapo heshima zangu zilichukua likizo. Nilimwambia mzee wa watu, kwa sauti iliyowafikia wauza vipuri chini, kwamba nimelikeshea jiwe hilo hilo bila tairi, kwamba anamlipa mtu aondoe msingi ambao Mungu amemwekea bure, na kwamba hao Wazungu wa kwenye simu hawatakuwepo mvua ya masika itakaposhuka mlimani na kuingia sebuleni. Alinisubiri nimalize, akanywa soda yake, kisha akauliza kama bei yangu ina VAT ndani, na kama tukiandikiana bila risiti itapungua. Haipungui, nikasema. Basi akatuma robo ya kianzio kwa M-Pesa palepale, tena bila ya kutolea.

Na hiyo VAT ndiyo isiyoniacha nilale. Muuza duka wa kawaida hasajiliwi mpaka mauzo yake ya mwaka yafike milioni 200, lakini sisi watoa huduma za kitaalamu tunasajiliwa hata tukiuza mchoro wa banda la kuku. Ukishatoa ankara, kwa kawaida asilimia 18 inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au bado anatazama angani. Kwa hiyo mimi, ambaye sijapata fedha ya dagaa, nimeshaitolea kodi. Wateja wa makampuni nao hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa wepesi wa ajabu, ila cheti cha kuthibitisha makato hayo nakifuata mpaka soli ya kiatu inaisha. Kamati moja ya ujenzi wa kanisa ilinilipa kwa maombi. Shemeji yangu wa Igoma anataka "kajumba kadogo tu", ka ghorofa mbili.

Mhasibu wangu, baada ya kupitia vitabu, amenishauri nifuge samaki kwenye vizimba kama wenzangu. Nilikwenda kuviona kwa rafiki mmoja ziwani. Akanizungusha na mtumbwi, akanionyesha sato wakigombania chakula, na tuliporudi nchi kavu akaniomba nimchoree kibanda cha mlinzi, kitu cha dakika tano, injinia, wewe si unajua. Nikakichora juu ya boksi la chakula cha samaki. Akanifungia sato wawili kwenye mfuko. Njiani nikawaza kwamba haya nayo ni malipo ya huduma ya kitaalamu, nikampigia mhasibu kumuuliza sato wawili wanatolewaje risiti ya EFD. Akasema hilo sasa ni swali la ushauri, na ushauri una ada yake, inayolipwa kabla.