Milio ya saa redioni: ipi izimwe, ipi ibaki?

Oktoba 2023, shirika la utangazaji la Kanada, CBC, liliacha kurusha mlio wa saa uliosikika kila siku tangu 1939. Wapo walioulilia, na nawaelewa, kwa kuwa watu walizoea kuweka saa zao sawa kwa mlio huo, kizazi baada ya kizazi. Lakini sababu ya kuuondoa ilikuwa nzito. Siku hizi sauti ya redio hupita kwenye setilaiti, intaneti na mitambo ya dijitali, na kila hatua huichelewesha. Mwenye redio ya kawaida na anayesikiliza kwa simu wanaweza kupishana kwa sekunde kadhaa. Mlio wa saa unaochelewa hivyo unadanganya, na hapo naona bora usiwepo.

Kosa ni kuendelea mbele na kusema: basi mitambo yote ya kurusha saa kwa redio izimwe, maana simu hujirekebisha zenyewe. Kuna ishara nyingine ambayo hakuna anayeisikia kwa sikio. Kituo cha DCF77 kilichoko Mainflingen, Ujerumani, hurusha wimbi refu la kilohezi 77.5 linaloongozwa na saa ya atomu. Kila sekunde nguvu ya wimbi hushuka sana kwa muda mfupi: kwa sekunde 0.1 ikimaanisha sifuri, kwa sekunde 0.2 ikimaanisha moja. Kwa sifuri na moja hizo, ndani ya dakika moja saa ya ukutani yenye kipokezi inakuwa imeshapokea saa, tarehe na mwaka. Katika sekunde ya mwisho wimbi halishuki, na kwa utulivu huo saa hujua kwamba dakika mpya inaingia. Napenda sana ubunifu huo. Hata umbali wa kilomita 2,000 huchelewesha ishara kwa takribani sekunde 0.007 tu.

Wanaotaka vituo hivi vifungwe hawakosi hoja. Antena zake ni kubwa na matunzo ni ghali. Vituo vya mawimbi marefu viko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia haifaidiki navyo. Ishara nyingi za aina hii hazina muhuri wa kuthibitisha zimetoka wapi, na mtu mwenye mtambo mdogo wa kurushia anaweza kuidanganya saa iliyo karibu naye. Kwa mifumo ya benki, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, setilaiti za GPS, ambazo mifumo mingi huchukua saa kwake, nazo ziko umbali wa kilomita 20,000 hivi, na ishara yake hufika ikiwa dhaifu mno: paa la zege huizuia, na kifaa cha kuivuruga hakihitaji nguvu nyingi. Mitandao ya simu na ya umeme ikichota saa kutoka chanzo hichohicho kimoja, hitilafu moja huigusa yote. Ndiyo maana Marekani ilipopendekeza, katika bajeti ya 2019, kufunga vituo vyake vya kurusha saa kwa masafa mafupi, WWV na WWVH, nadhani waliopinga walikuwa sahihi. Vituo hivyo vilibaki.

Uswisi ilizima HBG, kituo chake cha kurusha saa kwa redio, mwishoni mwa 2011 bila madhara makubwa, kwa sababu saa nyingi ziliweza kuisikiliza DCF77 badala yake. Wanaoitaja Uswisi kama mfano wa kuigwa husahau kwamba iliweza kuzima kwa kuwa jirani hakuzima.