Saa 2,200 za Kijapani

Washa gari lililotoka Japani, iwe Dar es Salaam au Nairobi, na mara nyingi utasikia sauti ya mwanamke kwenye dashibodi ikilalamika kwamba kadi ya ETC haijawekwa. Ni kadi ya kulipia barabara za huko kwao, huku kwetu haina kazi. Dereva hajui anaambiwa nini, wala hajali. Wanaomkataza kijana kusomea lugha na utamaduni wa Kijapani chuo kikuu wanaanzia hapo: magari yanashuka bandarini, biashara inakwenda, na hakuna aliyehitaji neno hata moja.

Hoja yao ina uzito. Wauza magari wa Japani wana tovuti za Kiingereza. Mpango wa ABE, ambao tangu 2014 umekuwa ukiwapeleka vijana wa Kiafrika kusoma shahada ya uzamili huko, hutegemea sana kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza. Simu yako inasoma menyu kwa kamera. Na mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini. Ushauri wao ni mmoja: soma uhandisi au uhasibu, Kijapani utajifunza pembeni.

Hiyo pembeni ndiyo nashindwa kuipigia hesabu. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake inakadiria kwamba Kiswahili kinahitaji wiki 36 hivi. Kijapani wamekipa wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, kwa mtu mzima asiye na kazi nyingine na anayelipwa mshahara ili asome. Sasa mchukue mhandisi wetu anayehudhuria darasa la jioni mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, wiki 40 kwa mwaka. Anapata saa 160. Ili afikishe 2,200 atahitaji karibu miaka 14, tukijifanya kwamba hasahau kitu njiani. Ni kweli, makadirio hayo yalifanywa kwa wazungumzaji wa Kiingereza, na sisi matamshi tunayapata karibu bure, kwa kuwa irabu zao zinafanana sana na zetu. Lakini kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, hazina huruma kwa yeyote. Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136.

Watetezi wa pembeni hujibu kwamba si lazima kufika mbali hivyo, N4 inatosha, yaani ngazi ya pili kutoka chini ya JLPT, mtihani wa Kijapani kwa wageni. Inatosha kwa baadhi ya viza za kazi, nakubali. Ila mtihani huo, kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, hauna sehemu ya kuzungumza kabisa. Unaweza kuwa na cheti kizuri na ukababaika kwenye simu.

Tuseme umeajiriwa Tokyo na bosi wako ni Tanaka. Ofisini huwezi kumwita Tanaka kavukavu. Ni Tanaka-buchō, mkuu wa idara, na hata vitenzi unavichagua vya kumkweza. Simu inalia, mteja anamtaka. Papo hapo bosi anavuliwa cheo: unajibu kwamba Tanaka, Tanaka mtupu, ametoka, tena kwa kitenzi cha kujishusha. Mbele ya mtu wa nje, bosi amekuwa wa nyumbani kwenu, na wa nyumbani hakwezwi. Kwetu shikamoo ya mzee ni yake, haijalishi nani anasikiliza. Programu ya kutafsiri inaona maneno tu, haijui nani wa ndani na nani mgeni. Ndiyo maana lugha na utamaduni hufungwa kwenye shahada moja, na sioni namna ya kuvitenganisha.

Wajapani wenyewe hawaiamini hiyo pembeni. Anayepata ufadhili wa serikali yao kwa shahada ya kwanza, hata akienda kusomea uhandisi, kwa kawaida huwekwa kwanza mwaka mzima kwenye darasa la lugha. Na kuna jambo ambalo huku halizungumzwi: Chuo Kikuu cha Osaka kina vijana wanaosomea Kiswahili kama somo lao kuu la shahada. Nchi yenye viwanda vile haikuwaambia wajifunze jioni baada ya kazi. Mwajiri wa Kijapani naye, kwa kazi nyingi za ofisini, huajiri mhitimu mpya bila kujali sana alisomea nini, kisha humfundisha kazi mwenyewe. Kwa mgeni, lugha ndiyo inayomfungulia mlango huo.

Pale wapinzani wanaponishika ni kwenye shahada isiyomfikisha mwanafunzi Japani. Saa 10 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, miaka minne: ni saa 1,200, zaidi kidogo tu ya nusu ya zile 2,200. Zilizobaki hazipatikani mbele ya ubao. Ufadhili upo, ikiwemo ule wa mwaka mmoja wa serikali ya Japani kwa wanaosomea Kijapani katika vyuo vya nje. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, ulizeni chuo kina makubaliano na chuo gani huko, na mwaka jana walikwenda wanafunzi wangapi. Wakianza kuzungukazunguka katika kujibu, mzazi ameshinda. Mtoto aende akasome uhandisi.