Mgeni Kapewa Sponji

Jumapili shangazi alipita kwetu Kiloleli, hapa Mwanza, akitokea kanisani. Akala, akashukuru, akaaga. Kabla hajafika kwake, sauti yake ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la familia: "Jamani, leo nimekaribishwa sponji na mayai. Nikajiuliza, kwani nimelazwa?" Vikafuata vikatuni vya kucheka, hata kutoka kwa binamu zangu wa Geita ambao sahani yenyewe hawakuiona.

Sponji lenyewe ni tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa bonge. Niliikaanga na mayai, karoti, hoho na chainizi, tukaila na wali. Sahani ya shangazi ilirudi jikoni haina hata punje, na hilo naomba liandikwe.

Kilichomuudhi si ladha. Kilichomuudhi ni kukaa mezani Mwanza asione samaki. Huku kwetu heshima ya mgeni ina mapezi. Sato mzima, kichwa kimemtazama mgeni, hapo ndipo umekaribisha mtu. Huna sato, tafuta sangara. Huna sangara, nunua nyama. Huna hela ya nyama, kopa, utalipa mgeni akishaondoka na hadhi yako ikiwa salama. Mkopo huo hausemwi kwenye kundi la familia. Tofu ndiyo inasemwa.

Haya, sato simpingi. Sato wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, hakuna tofu itakayomfikia, na anayesema inamfikia hajala sato. Lakini nenda soko la samaki la Mwaloni leo ukaulize bei yake, halafu tuendelee kuongea. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunagombania mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Dagaa ndiye mkombozi wetu, sawa, ila naye ana ratiba yake. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazimvuti, mitumbwi inarudi miepesi, na bei inapanda. Kila mwezi kuna siku ambazo kitoweo cha mnyonge kinakuwa cha mwenye nacho. Siku hizo tunakula nini?

Chipsi mayai. Usinibishie, nami naishi hapa hapa. Viazi vilivyoogelea kwenye mafuta meusi yaliyopikiwa tangu juzi, yai likamwagiwa juu na mafuta mengine, chumvi ya kiganja, na tomato ya chupa nyekundu ambayo nyanya iliipita kwa mbali. Hicho ni chakula cha mjini, hakuna anayeuliza kama umelazwa. Yai lile lile likikutana na mboga za majani na vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, tayari ni mlo wa wodini! Presha na sukari zimejaa kwenye familia zetu, mazishini tunaulizana "alikuwa anasumbuliwa na nini" huku majibu tunayajua, halafu mtu akipunguza mafuta nyumbani kwake anageuzwa kichekesho. Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Kuna mjomba aliyeandika kwamba tofu ni chakula cha matajiri. Mjomba, nusu uko sahihi. Ile ya kwenye friji la duka kubwa mjini, iliyofungwa kipakiti kidogo, ukigeuza ukaona bei unairudisha taratibu kama umeshika kitu cha watu. Lakini tofu ni soya. Soya! Iko kwenye uji wa lishe tunaowapa watoto, na shangazi mwenyewe anainunua sokoni Kirumba kwa ajili ya wajukuu. Soya kavu ina kama gramu 36 za protini kwa kila gramu 100, maharage tunayoyasifia hayafiki 25. Mtoto anapewa ili akue, mtu mzima akiila anadhalilika. Nani alitunga sheria hiyo?

Kuitengeneza ni kazi, sitawadanganya. Loweka soya usiku kucha, saga kwenye blenda na maji mengi, chuja kwa kitambaa safi. Maziwa yanayotoka yachemshe kwenye sufuria kubwa ukikoroga, maana yanafura ghafla kuliko ya ng'ombe, na uyaache yachemke si chini ya dakika 10. Hapa usilete haraka, soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na tumbo litakusimulia usiku. Epua, mimina maji ya limao au siki kidogo kidogo, koroga mara moja tu, acha. Utaona mabonge yanajitenga na maji ya njano. Yamwage kwenye kitambaa, funga, kandamiza kwa jiwe. Mwanza mtu akisema amekosa jiwe huyo hajatafuta. Kilo ya soya inakupa zaidi ya kilo ya tofu, na makapi yake yanaingia kwenye unga wa chapati au kwa kuku.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Kata tofu vipande, vikaushe kwa kitambaa vizuri, la sivyo mafuta yatakurukia na vipande vitang'ang'ania kikaango. Piga mayai, yakaange yashike nusu, yatoe pembeni. Weka tofu, iache. Iache! Tatizo letu ni mwiko usiotulia. Ikishapata rangi ya kahawia upande mmoja ndipo uigeuze. Kisha kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, karoti, hoho, na chainizi mwishoni kabisa, moto mkali, bila mfuniko, kwa sababu mboga hatuzipiki mpaka zikiri kosa. Rudisha mayai, nyunyiza kijiko cha soya sosi, na kopo la chumvi liweke mbali, sosi ile ina chumvi ya kutosha. Usiweke nyanya. Najua mkono unawasha, lakini ukiweka nyanya umepika rojo, na rojo si ugomvi wetu wa leo.

Wanaosema tofu haina ladha wanasema kweli. Ugali una ladha gani? Wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, una harufu, ladha unaikuta kwenye mboga. Tofu nayo inachukua unachoipa. Ukiipa tangawizi na saumu inakuwa mtu, ukiipa maji matupu inakuwa hicho alichokisema shangazi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hakuna anayeiuza mbichi mtaani. Wale vijana wa juisi pale stendi ya Buzuruga wana blenda, wana chujio, ndimu zimejaa meza nzima, na friji linanguruma kutwa. Kinachokosekana ni soya na sufuria. Wachina wanaila kwa zaidi ya miaka 1,000 na wao hawajalazwa. Kijana atakayeanza, asubuhi na mapema kabla ya joto, aiweke kwenye maji safi na bei ya mtu wa kawaida, aniambie tu anakaa upande gani wa stendi. Bakuli nitakuja nalo.