Gurudumu Moja, Mafundi Saba

Mimi ni mtu wa kujitakia. Wenzangu hapa Majengo wana pikipiki za boda. Ikigoma, yuaja fundi na spana mbili na nyundo, kwisha. Mimi nikaenda kununua dubwana la safari, kilo 250, na masanduku matatu kama biharusi anayehamia kwa mume. Eti nitakwenda Lunga Lunga, nivuke Tanga, niteremke hadi Dar es Salaam. Mpaka leo mbali nilikofika ni Diani, na sehemu ya safari yenyewe nilikuwa nimesimama kwenye feri ya Likoni.

Sasa tairi la nyuma likaisha, likawa kipara kunishinda mimi. Wa duka la tairi akataka nimpelekee gurudumu peke yake, pikipiki nzima hana pa kuiinulia. Nikasema haya, nafungua mwenyewe. Jumamosi saa tatu asubuhi, nikaiegesha uchochoroni mbele ya baraza. Hapo pa baraza ndipo nilipokosea.

Nati ya ekseli, ule mwamba unaopita katikati ya gurudumu, huanza kulegezwa pikipiki ikiwa ingali chini, kabla hujaipandisha kwenye stendi kubwa, la sivyo utajiangushia mzigo. Hilo nililijua. Lakini chumvi ya bahari imeikalia nati ile miaka, na kodi hailipi. Nikatia mafuta, nikangoja, nikaning'inia kwenye spana kama popo. Mzee mmoja pale barazani, ambaye hata baiskeli sijamwona nayo, akasema taratibu:

"Wakaza, mwanangu. Hufungui."

Nikaigeuza spana. Sikusema kitu.

Baada ya hapo mambo yakaenda. Nikalegeza vile vikaza cheni, nikasukuma gurudumu mbele, cheni ikatoka kwenye meno, nikachomoa ekseli. Gurudumu likaja na bushi zake mbili, vile vipande vya bomba vya kujazia nafasi huku na huku, moja ndefu, moja fupi. Nikazilaza juu ya gazeti, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Nikajiona mhandisi. Nikatia gurudumu kwenye tuktuk, nikaenda zangu.

Narudi na tairi jipya, gazeti halipo. Mtu alitaka kusoma habari za mpira! Bushi kazitia ndani ya kikombe cha kahawa, zote mbili, "zisipotee." Na kitoto cha jirani kimekaa juu ya pikipiki, vruum vruum, mguu kwenye breki.

Jamani, diski, ile sahani ya breki, hutoka pamoja na gurudumu, na ikiwa nje pedali ile haiguswi! Ukikanyaga, pedi zinazoibana zasukumwa zikutane, zafumba kama mdomo wa mtu anayedaiwa. Nikakikaripia kitoto cha watu mpaka machozi yakamlenga. Nikakaa robo saa na bisibisi nazipanua pole pole.

Kurudisha sasa. Kazi ile yataka mikono mitatu: mmoja uinue gurudumu, mmoja ushike kalipa, ile iliyobeba pedi, ikae kwenye mfereji wake, mmoja usukume ekseli. Barazani palikuwa na mikono kumi na minne, yote imeshika vikombe. Nikainua kwa kidole cha mguu. Ekseli ikapita, diski ikasaga kalipa. Mmoja akasema gonga, mwengine akasema tairi umeuziwa la lori. Nikachomoa, nikarudisha, nikachomoa. Saa nzima kabla sijakumbuka kile kikombe: bushi ndefu imekwenda kwa fupi.

Cheni nayo, huyu ataka ikaze, yule ataka ilegee. Kitabu cha pikipiki chataka icheze milimita 30 hadi 40. Nikaazima rula ya mtoto wa shule, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikasawazisha alama za vikaza vya huku na huku, nikakaza nati, na safari hii nikamwangalia kwanza yule mzee. Akaitikia kwa kichwa.

Inaadhiniwa Alasiri, mimi huyo juu ya dubwana, kifua mbele. Nikajiachia kuteremka uchochoroni. Nikakanyaga breki ya nyuma, pedali ikazama hadi mwisho, tupu, kama kukanyaga maandazi. Nikabana ya mbele kwa vidole vyote, nikasimama shibiri moja kutoka kwenye jiko la muuza kahawa.

Kumbe ukishazipanua pedi, sharti uipige pedali mara kadhaa mpaka ishike, ndipo uondoke.

Baraza zima kimya. Kile kitoto kikaja mbio, kikasimama kando ya gurudumu, kikaniangalia.

"Ami, sasa nikanyage?"