Sheria fupi ya VAT, majedwali yasiyotulia

Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) iliyoanza kutumika Kenya Septemba 2, 2013 ilifuta ile ya zamani, Sura ya 476, iliyotiwa viraka bajeti baada ya bajeti tangu VAT ichukue nafasi ya kodi ya mauzo mwaka 1990. Serikali ilitaka lugha nyepesi, kiwango cha asilimia 16 kwa karibu kila kitu, na bidhaa chache zisizotozwa. Sababu ilikuwepo. Bidhaa zilizotozwa asilimia sifuri zilikuwa nyingi, na kampuni ziliidai KRA, mamlaka ya ushuru, marejesho ya VAT yaliyolimbikizana.

Hapo ndipo penye utata ambao wengi huuruka: asilimia sifuri si sawa na msamaha. Chukua msagaji unga aliyenunua mifuko na umeme wa shilingi milioni 1. VAT yake ni 160,000. Unga ukiwa wa asilimia sifuri, anarudishiwa hizo 160,000. Ukiwa umesamehewa ushuru, harudishiwi hata senti, basi anazipachika kwenye bei ya pakiti. Mama wa Kawangware anaambiwa unga hauna ushuru, kumbe ameshaulipa. Kwa hivyo kila bidhaa inayohamishwa kutoka sifuri kwenda msamaha humrahisishia kazi mtoza ushuru na kumwachia mzigo mlaji.

Lakini hata hao wanaotetea sifuri wana la kujibu. Marejesho ni mlango wa ankara za uongo, na orodha ikirefuka kila mwenye kiwanda hupiga hodi bungeni akitaka bidhaa yake iingizwe. (Na wengi husikizwa.)

Kilichoangusha mageuzi ya 2013, kwa maoni yangu, si vifungu vya sheria. Hivyo vinasomeka. Shida ni majedwali, yaani orodha za bidhaa zilizosamehewa na za asilimia sifuri, ambayo Sheria ya Fedha huyagusa karibu kila mwaka. Mafuta ya petroli yalisamehewa miaka 3, yakaongezewa 2, yakafika asilimia 16 Septemba 2018, yakashushwa hadi 8 mwezi uo huo, kisha 2023 yakarudi 16. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mkate, uliopendekezwa utozwe asilimia 16. Pendekezo hilo lilitupwa siku chache kabla Rais Ruto hajakataa kutia sahihi mswada mzima wa fedha.

Ningechagua vyakula vichache vibaki sifuri, KRA ilipe marejesho kwa tarehe iliyowekwa na riba ikichelewa, na majedwali yasiguswe kwa miaka 3. Hazina itapoteza mapato kiasi. Msagaji naye ataweza kupanga bei bila kungoja bajeti ya Juni.