Misuli ya Traoré, sampuli ya Pogba

Kwenye banda umiza la mtaani kwetu, tunapotazamia mpira, kuna fundi simu mmoja ambaye kila winga Adama Traoré akivua fulana ya mazoezi ili aingie uwanjani, yeye husimama na kutangaza: "Huyo anachoma sindano. Ule si mwili wa kula tu." Wenzake hucheka, nusu yao wakiwa wameshakubali. Na ukimtazama Traoré, bega kama la kuli wa bandarini, paja limeijaza bukta, kukubali ni rahisi. Enzi zake Wolves, wahudumu wa timu walikuwa wakimpaka mafuta ya watoto mikononi kabla ya mechi, maana mabeki walioshindwa kumkimbiza walikuwa wanamdaka mkono, na bega lake lilishawahi kuteguka. Yeye amesema zaidi ya mara moja kwamba hanyanyui vyuma, ni maumbile tu. Nikimwambia fundi hayo, jibu lake ni moja: "Lisemwalo lipo, kaka."

Methali hiyo ina kipande cha pili: kama halipo, laja. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Tetesi ya namna hii haishindwi. Mchezaji akikutwa na dawa, si tulisema? Asipokutwa, basi bado tu.

Lakini ngoja kwanza nimtendee haki fundi, kwa sababu mpira wenyewe ndio uliomfundisha kushuku. Mwaka 1998 Zdenek Zeman, wakati huo kocha wa Roma, alisema hadharani kwamba mpira wa Italia unatakiwa kutoka kwenye maduka ya dawa. Waendesha mashtaka wa Turin wakaingia Juventus, na kesi ikaja kutaja aina 281 za dawa zilizokutwa klabuni. Nyingi hazikuwa haramu kimichezo, ila swali likabaki palepale: vijana wenye afya njema wanahitaji shehena hiyo ya nini? Daktari wa klabu, Riccardo Agricola, alitiwa hatiani Novemba 2004, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikamfutia. Anayetaka kuamini Juventus walikuwa safi ana hukumu ya kushika mkononi. Asiyetaka ana ile ya kwanza.

Hispania ndiyo mbaya zaidi. Mwaka 2006 polisi walivamia maficho ya Dk. Eufemiano Fuentes na kukuta mifuko ya damu iliyohifadhiwa kwa ajili ya kurudishwa mwilini mwa wanamichezo ili kuwaongezea pumzi. Waliotajwa na kuadhibiwa walikuwa waendesha baiskeli. Fuentes mwenyewe alisema mahakamani kwamba wateja wake walitoka pia kwenye soka, tenisi, riadha na ndondi. Mwaka 2013 jaji akaamuru mifuko iharibiwe. Mahakama ya rufaa ilipotengua amri hiyo mwaka 2016, muda wa kumwadhibu mtu ulikuwa umekwisha. Nadhani hakuna mtu aliyelisha tetesi za soka chakula kingi kuliko jaji yule.

Ongeza Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani aliyejikinga miaka mingi kwa kusema amepimwa mamia ya mara na hajakutwa, mpaka Januari 2013 alipokiri mwenyewe kwenye televisheni. Tangu siku ile neno "hajawahi kukutwa" limeshuka bei kama shilingi.

Upande wa pili una hoja ambayo wachambuzi wengi huanza nayo: dawa haimfundishi mtu kupiga krosi. Ni kweli, ila ni hoja nyepesi. Kiungo wa ligi kubwa hukimbia kilomita 10 au 11 kwa mechi, na msimu mzima anaweza kucheza mechi zaidi ya 50, mbili kwa wiki. Steroidi, yaani dawa ya kujenga misuli, haileti kifua tu. Inasaidia misuli iliyochanika mazoezini kupona haraka, ili mtu aliyecheza Jumatano awe mpya Jumamosi. Ndiyo kusema kama kuna mchezaji anayefaidika, huenda ni yule mwembamba ambaye dakika ya 85 bado anakaba, au yule aliyerudi mapema kutoka kwenye majeraha. Fundi simu hamtazami huyo kabisa.

Hoja ya vipimo ndiyo nzito zaidi. Mechi ikiisha, mchezaji aliyechaguliwa hufuatwa tangu anatoka uwanjani na haachwi peke yake hata dakika moja. Anatakiwa kutoa mkojo usiopungua mililita 90 mbele ya macho ya mtu wa jinsia yake, kisha unagawanywa kwenye chupa mbili, A na B, zenye namba na vifuniko visivyofunguka bila kuonekana. Mtu aliyetoka jasho kwa dakika 90 hana maji mwilini, kwa hiyo kuna wanaokaa hata saa mbili wakinywa maji chupa baada ya chupa huku basi la timu likiwasubiri.

Hata hivyo mkojo nao haujibu kila kitu. Testosteroni kila mtu anayo, hivyo maabara haiwezi kuuliza ipo au haipo. Huilinganisha na homoni pacha yake, epitestosteroni, na uwiano ukivuka 4 kwa 1 kinafuata kipimo cha kaboni kuonyesha kama homoni ile imetengenezwa na mwili au na kiwanda. Kuna watu, hasa wa Asia Mashariki, ambao kwa maumbile ya jeni zao uwiano huo haupandi kirahisi hata wakichoma. Ndiyo maana siku hizi mchezaji hulinganishwa na vipimo vyake mwenyewe vya nyuma. Kazi hiyo inataka sampuli nyingi, kwa miaka mingi.

Sasa tazama waliokutwa kweli. Paul Pogba alichukuliwa sampuli Agosti 20, 2023 baada ya Juventus kuifunga Udinese 3-0. Hakucheza hata dakika moja, alikuwa benchi. Msimu uliotangulia majeraha, likiwemo la goti, yalikuwa yamemweka nje karibu wote. Ilionekana testosteroni isiyotokana na mwili, akafungiwa miaka minne. Oktoba 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikapunguza hadi miezi 18: ilikubali kwamba alitumia kirutubisho alichopewa na daktari Florida bila kukusudia kudanganya, lakini ikasema uzembe ulikuwa wake. André Onana, akiwa Ajax, alikutwa na furosemidi, dawa ya kukojoza ambayo haiongezi nguvu ila inaweza kuficha nyingine. Alieleza kwamba kichwa kilimuuma akameza kidonge cha mkewe kwa kudhani ni chake. UEFA ikamfungia mwaka mmoja, CAS ikafanya miezi tisa. Pep Guardiola, kiungo mwembamba kama fimbo, alikutwa na nandroloni, aina ya steroidi, mwaka 2001 akiwa Brescia, akafungiwa miezi minne, na mahakama ya Italia ikamsafisha 2007. Miaka sita ya kuhangaika mahakamani, na bado wapo wanaomkumbushia.

Mamadou Sakho yake iliuma zaidi. Aprili 2016, akiwa Liverpool, alisimamishwa kwa kidonge cha kuchoma mafuta chenye hijenamini. Fainali ya Europa League ikampita, Euro iliyochezwa kwao Ufaransa ikampita. Julai kesi ikafutwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba kitu hicho kilikuwa kimekatazwa. Mwaka 2020 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, likamwomba radhi na kumlipa fidia kwa kumchafua jina. Fidia analipwa mtu, fainali hairudiwi.

Kwa hiyo ninaposema jicho ni shahidi mbovu sisemi kwa huruma. Jicho lina upendeleo wake pia. Traoré ni mtoto wa wazazi kutoka Mali. Mzungu mwenye kifua kama chake husifiwa nidhamu ya jimu, Mwafrika huulizwa amechoma nini, na kama si sindano basi umri. Na sisi tunaolalamikia hilo, kwetu mchezaji akikimbia kupita kiasi tunauliza mganga wake anaishi wapi. Klabu zetu zimeshapigwa faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi, na kila mtu alijua mlango rasmi ulikuwa unaogopewa kwa sababu gani.

Shaka ya maana ningeielekeza kwa wenye mpira. Septemba 2015 Dinamo Zagreb waliifunga Arsenal 2-1, na Arijan Ademi wa Dinamo akakutwa na dawa baada ya mechi ile. Matokeo hayakuguswa, kwa sababu kanuni hutaka wachezaji zaidi ya wawili wa timu moja wakutwe ndipo timu iadhibiwe. Arsène Wenger, kocha wa Arsenal wakati huo, alikasirika, na hapo nilikuwa upande wake. Kanuni hiyo imeandikwa kana kwamba timu haina daktari mmoja. Vilevile Urusi, Kombe la Dunia 2018: walipoifunga Saudi Arabia 5-0 huku timu nzima ikikimbia jumla ya kilomita 118, na Denis Cheryshev akafunga mawili, watu walifukua gazeti la zamani ambamo baba yake alionekana kutaja homoni ya ukuaji. Wahispania walimchunguza wakamwachia. Lakini hiyo ilikuwa nchi ambayo mpango wake wa serikali wa kuficha sampuli ulikuwa umeshafichuliwa, na kuuliza hakukuwa chuki.

Tena jirani zetu Kenya wanajua gharama yake. Tangu mwanariadha wao Rita Jeptoo akutwe na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 2014 na majina kuendelea kufuatana, hata mkimbiaji aliyejitesa milimani Iten bila kidonge hushangiliwa mstari wa mwisho kwa nusu mdomo. Kule tetesi zilikuja nyuma ya vipimo. Kwenye soka zimetangulia.

Siku habari ya Pogba ilipotoka, Septemba 2023, nilimkuta fundi kakunja uso, maana Pogba alikuwa mtu wake tangu Manchester United. "Wamemwonea," akasema, "yule hata mwili hana." Kisha akarudi kwenye simu aliyokuwa akibadilisha kioo. Jumamosi yake Traoré alipotokea kwenye skrini, akasimama.