Gredi 10 waanze na Scratch ama Python?

Tangu darasa la kwanza la Gredi 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, lianze Januari 2026, walimu wa kompyuta hapa Nairobi wanabishana juu ya hii: mtoto ambaye hajawahi andika programu hata moja, umuanzishe na Scratch, ile ya kuunganisha vipande vya rangi kwa skrini, ama umuingize moja kwa moja Python, lugha ya programu ya kuandika kwa maneno?

Wanaotaka Python wana pointi, tena nzito. Sekondari ya juu ni miaka 3 tu, na kijana wa miaka 15 ukimuonyesha yule paka wa Scratch akitembea kwa skrini atakuambia hiyo ni ya watoto wa praimari. Halafu Python ndiyo wanatumia watu wa data kazini, na inafanya kazi hata kwa simu, kitu muhimu sana kama nyumbani hakuna laptopu.

Lakini ingia labu kwanza. Kipindi ni dakika 40, watoto wanne kwa kompyuta moja, mmoja amesahau nukta mbili mwisho wa laini ya if (yaani "kama", laini ya sharti), Python inakataa, ujumbe wa makosa hawauelewi, mwalimu bado yuko kwa meza ingine na kengele hiyo imelia. Wameenda bila kufikiria chochote!

Chukua nauli ya matatu: ikinyesha ama ikishapita saa 11 jioni ni 100, la sivyo ni 50. Kila mtoto wa Nairobi anaijua hiyo. Kwa Scratch anaburuta vipande, kisichofaa kinakataa kushikana, na lugha unaweza kuiweka Kiswahili, kwa hivyo linabaki swali lenyewe, hapa ni "ama" au ni "na"? Akiweka "na", mvua ya saa 4 asubuhi haipandishi nauli, na anaona mwenyewe kosa liko kwa mawazo yake.

Hiyo ya kusema ni ya watoto mimi sikubali. CS50 ya Harvard, kozi ya chuo kikuu, inaanza na Scratch ndio waingie C, lugha ya programu ya kuandika kama Python.

Shida ni kukwama huko muhula mzima, hapo nawaunga mkono watu wa Python kabisa. Wiki tatu zinatosha, halafu nauli ileile iandikwe Python, mtoto aone kile kipande cha sharti kimegeuka if. Na mtihani wa kwanza uwe wa karatasi: mpe laini sita za programu aeleze abiria wa saa 1 usiku atalipa ngapi, kitu ambacho hata shule yenye kompyuta tano inaweza kufanya kesho.